Askari wa 1914 wa milimita 28: praima ipi chini ya ngozi nyeusi na kaki?

#1 Kombo_wa_Ngamiani

Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nina kikosi cha askari wa Schutztruppe (jeshi la koloni la Wajerumani), visanamu vya milimita 28, nawaandaa kwa mchezo wa mezani wa vita vya Tanga, Novemba 1914. Wengi ni wa madini, wachache plastiki. Mistari ya kalibu (mishono inayoachwa na kalibu) nimeshaikwangua, nimewagandisha juu ya vizibo vya soda, sasa nimekwama kwenye praima, ile rangi ya kwanza inayokaa chini ya zote.

Mafunzo yote ya mtandaoni yanaimba wimbo mmoja: nyeupe kama unataka rangi zichangamke, nyeusi kama unataka kiza, kijivu kama hujui unachotaka. Sawa. Lakini hao wanaofundisha wanapaka nyuso za pinki. Askari wangu ni Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, na wamevaa kaki tangu kofia mpaka miguuni. Nikianza na nyeusi, kaki inagoma. Nikianza na nyeupe, kaki inakaa vizuri lakini nyuso zinapauka. Mnaanzia wapi, na kwa nini?

La pili: nyeupe ya kopo la kupuliza niliyoijaribu imetoka na chenga, ukipitisha kidole inakwaruza. Nyeusi ya kampuni hiyohiyo imekaa laini kabisa. Shida nini?

#2 Jiwe_Gizani

Nyeusi. Uzi ufungwe.

#3 Fundi_Baraza

Jiwe, kila uzi wewe ni nyeusi. Hata mtu akiuliza rangi ya mawingu.

Mleta mada, anza kwa kuelewa kinachotokea. Rangi ya modeli ni utando mwembamba. Mwanga unaupenya, unagonga kilicho chini, ndipo unarudi kwenye jicho. Chini kukiwa cheusi unamezwa, hakuna kinachorudi. Ndiyo maana njano na nyekundu zinateseka juu ya nyeusi: chembe zake nyingi zinapitisha mwanga. Na kaki ni nini kama si njano iliyotulizwa? Utapiga mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka vifungo vya sare vimefukiwa.

Faida ya nyeusi ni moja, lakini kubwa. Pale brashi isipofika, chini ya mkanda, nyuma ya bunduki, kati ya mkono na mbavu, panabaki kivuli chenyewe. Ukianza na nyeupe, sehemu uliyoisahau inakuumbua mbele ya watu.

Mimi kwa jeshi la kaki napiga kijivu. Kijivu kina sifa nyingine ambayo watu hawaisemi: kinaonyesha makosa ya uchongaji. Juu ya nyeupe mstari wa kalibu hauonekani, juu ya nyeusi hauonekani, juu ya kijivu unauona, unachukua msasa.

#4 Bi_Mpambaji

Habari zenu. Mimi kazi yangu ya mchana ni kupamba maharusi, visanamu ni vya usiku watoto wakilala. Kwa hiyo naomba niseme kuhusu ngozi, kaki nawaachia nyie.

Kijivu chini ya ngozi nyeusi ni balaa. Ni sawasawa na bibi harusi aliyepakwa fandesheni ya toni isiyo yake: kwa mbali unaona uso, kwa karibu unaona majivu. Kahawia mnayoipaka juu ni nyembamba, ubaridi wa kijivu unapenya. Halafu mnazidisha kosa kwa kuangaza uso kwa kuongeza nyeupe kwenye kahawia. Ngozi yetu haiangazwi kwa nyeupe! Inaangazwa kwa rangi ya chungwa, kwa udongo mwekundu, kwa njano ya dhahabu kidogo. Nyeupe ukiitia, mtu anaonekana hajajipaka mafuta tangu Pasaka.

Mimi napiga praima ya kahawia iliyokolea yenye wekundu ndani yake. Kwenye mashimo ya macho na chini ya kidevu naongeza kahawia iliyotiwa tone la buluu. Kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua na juu ya nyusi napandisha kuelekea chungwa. Viganja navipaka rangi nyepesi zaidi, maana ndivyo vilivyo, na karibu kila modeli ninayoiona mtandaoni viganja vimepakwa sawa na mgongo wa mkono. Mwisho natia vanishi ya kung'aa nusunusu usoni peke yake, nguo zibaki zimefifia. Hapo ndipo askari anatoka jasho la Tanga.

#5 Jiwe_Gizani

Dada, hawa wanaenda vitani, hawaendi ukumbini.

#6 Bi_Mpambaji

Wewe yule Mmasai wako uliyeturushia picha mwaka jana alionekana katoka kaburini. Na praima ilikuwa ipi? Nyeusi.

#7 Kirinyaga_Road

😂😂 Jiwe amelalishwa.

Wasee wa Nairobi tuko hapa. Mimi hupiga nyeusi kila mahali, ikauke, halafu nashika kopo la nyeupe juu ya kichwa cha modeli na kupuliza kutoka juu tu, kama jua la saa sita. Juu panakuwa peupe, ubavuni kijivu, chini kunabaki kweusi. Unapata vivuli vya bure kabla hujafungua hata chupa moja ya rangi. Ukipaka rangi nyembamba juu yake, kazi nusu imeisha.

Na si lazima ununue makopo ya bei ya dhahabu. Praima ya gari ile ya kijivu hukaa poa sana kwa chuma.

#8 Kompresa_Kuukuu

Naongezea kwa #7. Mbinu hiyo ilipata umaarufu zaidi tangu 2019, kampuni ya modeli ya Games Workshop walipotoa rangi zao za Contrast, zile zinazotiririka zenyewe kwenye mashimo na kuacha sehemu zilizoinuka zikiwa nyepesi. Walizitoa pamoja na makopo mawili ya kuanzia, Wraithbone ambayo ni nyeupe ya mfupa, na Grey Seer ambayo ni kijivu chepesi cha baridi. Ukitaka kaki ya haraka, Wraithbone chini, kahawia nyepesi ya kutiririka juu, siku moja kikosi kimevaa.

Ila angalizo kwa habari ya praima ya gari: kwa madini sawa. Kwa plastiki, tandaza mikono myembamba sana, na kwanza ujaribu kwenye fremu iliyobaki (ile inayoshika vipande vya modeli). Na msije mkachukua ile ya kopo kubwa inayochanganywa na tina ya gereji (kiyeyusho cha rangi). Plastiki ya modeli ni polistirini, na tina inaiyeyusha. Nimeona bawa la modeli ya ndege ya kipimo cha 1/72 limekunjamana mbele ya macho yangu.

#9 Kirinyaga_Road

@Kompresa_Kuukuu ndio maana nilisema chuma. Soma polepole mzee.

#10 Kombo_wa_Ngamiani

Asanteni. Bi_Mpambaji umenifungua macho kwenye viganja. Ila swali: nikianza na kahawia yenye wekundu, kaki itakuwaje juu yake?

Na chenga bado hamjanijibu.

#11 Mdau_wa_Kigamboni

Chenga ni unyevu. Pwani yote ni hiyohiyo. Asubuhi Dar unyevu wa hewa unapita asilimia 80 mara nyingi, halafu mtu anatoka na kopo kwenye ukumbi wa nyuma anapuliza. Subiri saa sita saa saba, siku ya jua, na modeli zenyewe uzianike kidogo kabla.

#12 Mkavu_wa_Dodoma

Unyevu gani? Mimi nipo Dodoma, midomo inapasuka kwa ukavu, na chenga ninazipata.

#13 Falaji

Salaam kutoka Nizwa. Dodoma yuko sahihi. Hapa kwetu mchana wa Juni ni zaidi ya nyuzi 40 na hewa imekauka. Rangi ikitoka kwenye kopo, kiyeyusho kinaruka kabla tone halijafika kwenye modeli, linatua likiwa vumbi tayari. Hicho ndicho kinachokwaruza. Dawa ni kusogea karibu. Wanasema sentimita 25 au 30, mimi kwenye joto nasogea mpaka 15, napita haraka, sisimami mahali pamoja.

Mdau wa Kigamboni, unyevu madhara yake ni mengine. Kiyeyusho kikiruka kinapooza uso wa modeli, mvuke unaganda juu ya rangi mbichi, unapata ukungu mweupe. Huo unauona vizuri kwenye nyeusi na kwenye vanishi. Kombo anasema nyeusi yake iko safi.

#14 Mdau_wa_Kigamboni

Falaji, nyeusi aliipiga lini na nyeupe aliipiga lini? Kama ni siku tofauti, hoja yako imelala.

#15 Mhasibu_wa_Chembe

Mnabishana hali ya hewa wakati jawabu liko ndani ya kopo. Nyeupe ni titani dioksidi, na ili ifunike inabidi itiwe nyingi. Nyeusi ni masizi, chembe zake ni ndogo sana na kidogo tu kinatosha. Kwa hiyo kopo la nyeupe limejaa unga mzito unaotuama chini. Usipolitikisa vya kutosha, mwanzo unapuliza kiyeyusho, mwisho unapuliza unga. Tikisa dakika mbili nzima kuanzia pale unaposikia gololi zinagonga, siyo kuanzia pale ulipolishika. Na kama kopo ni la baridi, lichovye kwenye maji ya uvuguvugu. Uvuguvugu, nimesema, siyo ya kuchemsha chai.

Mimi nyeupe ya kopo niliiacha. Nataka nyeupe, napiga kijivu chepesi kwanza kisha nyeupe kwa eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi).

#16 Fundi_Baraza

Kombo hebu tupe taarifa kamili. Saa ngapi, wapi, kopo la lini?

#17 Kombo_wa_Ngamiani

Saa kumi jioni, juu ya dari la nyumba, upepo unatoka baharini. Kopo nilipewa na jamaa aliyehama, sijui alikaa nalo muda gani. Nilitikisa, lakini sikuhesabu dakika.

#18 Falaji

Upepo! Ukipuliza kwenye upepo tone linasafiri safari ndefu. Nimesema.

#19 Mdau_wa_Kigamboni

Upepo wa baharini, yaani unyevu. Nimesema.

#20 Mhasibu_wa_Chembe

Kopo la zamani, hakuhesabu dakika. Haya.

#21 Kirinyaga_Road

Kila mtu ameshinda kesi 😂 Kombo lipa mawakili.

#22 Chuma_na_Minyororo

Nimechelewa, nawasalimu. Watu wa vifaru hatuna huu ugomvi wa nyeupe na nyeusi, kwa sababu rangi ya chini tunaichukua kiwandani. Vifaru vya Wajerumani vya vita vya pili vya dunia vilipigwa praima nyekundu ya oksidi (wekundu wa kutu), baadaye kijivu kizito, halafu tangu 1941 wakahamia njano. Ukipiga nyekundu chini, kisha ukapulizia spreyi ya nywele, kisha njano, ukikwangua kwa brashi yenye maji njano inabanduka na chini inaonekana praima halisi, pale pale ambapo chuma kingechubuka. Tanki linaonekana limefanya kazi.

Nashauri Kombo achukue nyekundu hiyohiyo. Itampa Bi_Mpambaji ngozi yake, na kaki juu ya nyekundu inapata joto.

#23 Kompresa_Kuukuu

Marekebisho madogo: njano iliyokolea, Dunkelgelb, namba RAL 7028 kwenye orodha ya rangi ya Wajerumani, ikawa rangi ya kuanzia Februari 1943. Kabla ya hapo kwa Ulaya ni kijivu RAL 7021. Labda unachanganya na magari ya Afrika Kaskazini, hayo kweli yalianza kupakwa rangi za jangwani 1941.

#24 Chuma_na_Minyororo

Nilikuwa nazungumzia Afrika Kaskazini.

#25 Kompresa_Kuukuu

Sawa kiongozi 😀

#26 Jiwe_Gizani

Na mwisho wa vita vifaru viliingia vitani na praima tupu, havikuwa hata na rangi. Kwa hiyo mtu akipiga praima akaacha hivyo, ni historia. Nimewarahisishia kazi.

#27 Chuma_na_Minyororo

Hiyo inabishaniwa mpaka leo na usiitie kwenye uzi kama Aya. Lisilo na ubishi ni kwamba mwishoni mwishoni praima nyekundu iliachwa ionekane ikiwa mojawapo ya rangi za kamafleji, pamoja na kijani na njano. Kutoka kiwandani na wekundu mtupu mwili mzima ni habari nyingine.

#28 Mzee_wa_Kigoma

Wanangu, mmenikumbusha oksidi. Mimi natengeneza Liemba ya mbao na kadibodi, urefu wa mkono. Ile meli ilijengwa Papenburg 1913, ikapakiwa vipandevipande mpaka Kigoma, ikaitwa Graf von Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Kwa hiyo nauliza, chini ya maji niweke nyekundu ya oksidi halafu juu nyeupe, au nipige nyeupe yote kisha nyekundu? Kadibodi inakunywa rangi vibaya.

#29 Fundi_Baraza

Mzee shikamoo. Kadibodi izibe kwanza kwa vanishi nyepesi au gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, upande wa ndani pia ili isijikunje. Ikikauka piga msasa laini. Halafu nyeupe kwanza, zungushia tepu kwenye mstari wa maji, nyekundu mwisho. Rangi iliyokolea inafunika nyepesi bila shida, kinyume chake utalia.

#30 Mzee_wa_Kigoma

Marahaba. Nimeelewa.

#31 Mwana_Ngalawa

Yakhe, sie huku Unguja vyombo vyetu vya mbao hatuvipigi praima hata kidogo. Modeli ya jahazi naipaka sifa, mafuta ya papa, kama linavyopakwa jahazi lenyewe, na chini naweka deheni ya chokaa na shahamu. Rangi ipo, tena ya kweli.

#32 Bi_Mpambaji

Na harufu ipo, tena ya kweli. Hiyo modeli inakaa sebuleni?

#33 Mwana_Ngalawa

Inakaa barazani. Mke wangu ndiye aliyeamua.

#34 Mwanafunzi_wa_Sanaa

Nirudishe mada kidogo. Suala la rangi gani ikae chini ya ngozi ni la zamani mno. Wachoraji wa Italia wa karne ya 14 walianza nyuso kwa udongo wa kijani, kisha pinki juu yake, ili kijani kibaki kwenye vivuli na kuifanya pinki ionekane hai. Kwenye picha ambazo pinki imechakaa, leo unaona watakatifu wa kijani. Na dhahabu waliibandika juu ya udongo mwekundu ili ipate joto. Hata hii ya kupiga nyeusi ya kung'aa chini ya rangi za kromu ni mawazo ya namna hiyohiyo: cha chini ndicho kinachoamua cha juu kitang'aa vipi.

Kwa hiyo Kombo, wazo langu: chini ya ngozi nyeusi jaribu zambarau iliyokolea. Kahawia ya juu ina chungwa ndani yake, vivuli vikiwa na ubaridi wa zambarau, uso unasimama.

#35 Bi_Mpambaji

Zambarau nakubali kwenye vivuli. Kwa uso mzima sikubali, labda uwe na mkono mwepesi sana. Ukikosea kidogo mtu anaonekana kapigwa ngumi.

#36 Jiwe_Gizani

Si wako vitani?

#37 Kombo_wa_Ngamiani

Wakuu, mrejesho. Nimepiga baadhi kwa kahawia yenye wekundu, baadhi kwa njia ya #7, baadhi kijivu kama alivyosema Fundi. Nikawapanga dirishani, mwanga wa asubuhi.

Nyuso: kahawia imeshinda kwa mbali, hasa pale nilipoacha praima yenyewe ionekane kwenye mashimo ya macho na puani. Kaki: juu ya kahawia imekuwa nzito, kama sare iliyolowa. Juu ya nyeupe ya #7 kaki ni nzuri, mikunjo ya mikono imejichora, lakini nyuso zimehitaji mikono mingi. Kijivu kimekaa katikati, hakuna nilichokipenda sana wala kilichoniudhi. Na zile bunduki za modeli 1871, mitutu imetoka vizuri zaidi juu ya kahawia, sijui kwa nini.

Nawaza kupiga kahawia mwili mzima, halafu nipulizie rangi ya mfupa kutoka juu kwenye nguo tu, uso nimeukinga kwa kipande cha tepu.

#38 Fundi_Baraza

Tepu kwenye kichwa cha milimita 28? Utaharibu kofia. Tumia udongo wa kuchezea watoto, unabandika, unabandua.

#39 Kompresa_Kuukuu

Au usipulize kabisa. Brashi kuukuu iliyokauka, rangi ya mfupa kidogo sana, ifute kwenye tambara, kisha pitisha juu ya nguo. Inakamata mikunjo peke yake, uso huugusi.

Na kaki juu ya kahawia inaonekana nzito kwa sababu umepiga kaki ya kimanjano iliyokolea. Chukua iliyo karibu na krimu. Juani Tanga nguo ile ilipauka baada ya wiki chache, haikubaki na rangi ya dukani.

#40 Mhasibu_wa_Chembe

Mitutu imetoka vizuri kwa sababu rangi za metali zina vipande vidogo vya aluminiamu na mianya katikati yake. Kinachoonekana kwenye mianya ni praima. Kahawia inaipa kutu kidogo.

#41 Jiwe_Gizani

Juu ya nyeusi ingetoka vizuri zaidi.

#42 Mkavu_wa_Dodoma

Hapo kwa kweli Jiwe ana hoja.

#43 Jiwe_Gizani

Piga picha ya skrini haraka kabla hajafuta.

#44 Kirinyaga_Road

Sasa hiyo praima ya kahawia mliipata wapi? Mimi Kirinyaga Road yote nimezunguka, ni kijivu, nyeusi, nyeupe na nyekundu ya oksidi tu.

#45 Kombo_wa_Ngamiani

Nyekundu ya oksidi ikauke, kisha vumbi la nyeusi kwa mbali, sentimita 40 hivi. Ndiyo kahawia yangu hiyo.

#46 Mdau_wa_Kigamboni

Kuna mtu anakuja kutoka Dubai mwezi ujao, aniwekee makopo mawili ya Wraithbone kwenye begi? Nitamlipa.

#47 Falaji

Makopo ya rangi ya gesi hayapandi ndege, si begi la mkononi wala la chini. Uwanjani watayatoa yote.

#48 Mwana_Ngalawa

Njoo Unguja, nikuwekee sifa kwenye chupa ya maji.

#49 Bi_Mpambaji

Hiyo nayo sidhani kama itapanda ndege.